Wangapi Wanaishi Nje

Dar es Salaam
11 Machi 1997

Dada Annonciata,

Nakusalimu wewe na wanao, Patrick, na Séverine na mume wake kule Kabungu. Mwili wangu ni mzima. Kichwa sina hakika nacho.

Huku chuoni kumegeuka. Kazi yangu nilishakueleza: naingia darasani na chaki, naeleza historia, wanafunzi wanaandika, nasahihisha, narudi nyumbani. Nilidhani nitazeeka nikifanya hivyo. Sasa Profesa Osward, mkuu wa idara yetu, ametuita ofisini kwake mmoja mmoja. Aliniambia chuo hakiwezi tena kumlisha mtu wa kufundisha tu. Kila mhadhiri atafute kazi nje, utafiti wa kulipiwa na mashirika, ushauri, ripoti. Asiyeleta kazi, mkataba wake ukiisha mwezi wa nane hautaongezwa. Alisema nami kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Wenzangu wengine wameshaanza kupanga vitabu vyao kwenye maboksi.

Nilisoma ili niwe mwalimu, hakuna aliyeniambia nitakuja kutembeza utafiti mlango kwa mlango kama mchuuzi wa vitenge. Lakini kazi moja nimeipata. Kuna shirika linataka kujua maisha ya watu wetu wa makazi ya wakimbizi ya Mpanda, wanakula nini, wanaishije, wangapi wamebaki na wangapi wametoka. Profesa amenichagua mimi kwa sababu, anavyosema, mimi ni Mha wa Kasulu na Kiha hakipishani sana na Kirundi. Niliitikia kwa kichwa. Tangu padri aliponiandikisha seminari kama mtoto wa Kasulu nimekuwa Mha, na hapa hakuna anayejua kwamba nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa nimeshika nguo yako.

Mimi mwenyewe siji. Nikikanyaga huko, mzee yeyote ataniita kwa jina la baba mbele ya wenzangu, na hapo kazi imekwisha na mengine yameanza. Nitamtuma msaidizi wangu Silvesta, kijana wa Sumbawanga niliyemfundisha mwenyewe, pamoja na wenzake. Watapita nyumba kwa nyumba na maswali. Dada, wapokeeni. Kazi hii ikiharibika nitarudi kulima tumbaku, na mikono yangu unaijua.

Mdogo wako,
Celestin


Litapunga, Mpanda
2 Aprili 1997

Celestin mdogo wangu,

Barua yako nimeipata kwenye sanduku la parokia. Nimeisoma, nikaificha chini ya gunia la mahindi, halafu nikajicheka. Barua ya mdogo wangu naificha ya nini?

Hiyo mikono yako usituletee. Tumbaku inataka watu.

Lakini nikuulize vizuri. Hao watu wako wanakuja kuuliza nini hasa? Umekaa mbali, labda umesahau tulivyolelewa. Mama alitufundisha: mgeni mwenye karatasi akiuliza mko wangapi, sema tupo. Akiuliza baba yuko wapi, sema katoka. Humdanganyi, ila humalizi. Kule tulikotoka, waliomaliza maneno yao mbele ya wenye karatasi hatukuwaona tena, na baba alikuwa mmoja wao. Mpaka leo huku makazini tunalea watoto hivyo hivyo. Walimu wageni wakija wanalalamika kwamba watoto wetu ni wazito wa kujibu. Si wazito.

Halafu kuna jambo la Patrick. Hayupo hapa. Tangu Krismasi anashona Mpanda mjini, kwenye baraza la Mama Mwanahija mwenye duka la vitambaa, na analala mtaa wa Nsemulwa. Kibali cha kutoka makazini hana. Cha kwanza kiliisha, cha pili wakamnyima. Mama Mwanahija anawaambia watu kwamba ni Mfipa. Wala si yeye peke yake, vijana wetu wengi wako mjini kwa mtindo huo. Séverine naye yuko kwa mume wake Mbende, mwenyeji wa huku, na hana karatasi yoyote zaidi ya cheti cha ndoa cha kanisa. Watu wako wakiuliza nyumba hii ina wangapi na wako wapi, nijibu nini? Redioni wanasema wakimbizi walioko nje ya makazi watakusanywa. Siku hizi gari likipunguza mwendo tu barabarani, naacha ninachofanya mpaka lipite.

Niambie la kusema. Nitasema hilo hilo.

Dada yako,
Annonciata


Dar es Salaam
24 Aprili 1997

Dada yangu,

Usiogope. Nakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Utafiti si polisi. Majina hatuandiki. Karatasi zikirudi zinakaa kwenye kabati langu ofisini, ufunguo ninao mimi, na hakuna atakayezisoma isipokuwa mimi. Huo ndio mwiko wa kazi yetu, kwamba aliyekujibu unamlinda. Nimeufundisha kila mwaka tangu niajiriwe.

Kwa hiyo waambie watu waseme kweli. Mkijibu "tupo" na "katoka", nitapeleka karatasi tupu na Profesa ataona sijui kazi. Mafundisho ya mama yalikuwa na wakati wake. Sisi sasa tuna wakati mwingine.

Pengine unadhani natia chumvi. Juzi walituweka kwenye semina, watu wazima wenye mvi, tunafundishwa namna ya kuandika maombi ya fedha na namna ya kuongea na mteja. Mzee mmoja, aliyenifundisha mimi mwenyewe, akanyoosha mkono akauliza mteja ni nani, mwanafunzi au mwenye fedha. Ratiba ya muhula ujao imetoka na jina lake halipo. Nilikuwa nimekaa nyuma yake siku ile, dada, na sikufungua mdomo. Nilikuwa naangalia shingo yake nikijiambia, Celestin, geuka na wakati, la sivyo utafungasha naye.

Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nikue. Nisaidie. Nakuapia kwa kaburi la mama kwamba hakuna baya litakalowapata. Semeni kweli.

Celestin wako


Litapunga
19 Juni 1997

Celestin,

Walikuja, walikaa, wameondoka. Silvesta wako ni kijana mzuri. Nilimpa mrija tukanywa naye pombe ya mtama kwenye chungu kimoja, akavuta bila kuona kinyaa, wanawake wakampenda hapo hapo. Nikamwambia angekuwa Mrundi ningemtafutia mke.

Siku za kwanza watu waliwajibu kama tulivyolelewa. Tupo. Katoka. Mungu ndiye anajua. Silvesta alirudi kwangu uso umemshuka, na mimi nikakuonea huruma wewe. Jumamosi ilipofika jumuiya ilisali kwangu. Tulipomaliza rozari, wageni wakiwa hawapo, nikasimama nikawaambia, hawa ni watu wa mdogo wangu Celestin, mnayemjua, ameniapia kwa kaburi la mama, semeni. Unaijua jumuiya yetu. Mtu akisema neno pale, linashikwa.

Basi watu wakafunguka. Wakasema nani yuko wapi, anafanya kazi gani, amepanga kwa nani, mtaa upi. Wengine walilia wakisema, maana hawajawahi kuulizwa na mtu anayesikiliza. Mzee Salvatori, yule asiyesalimia hata mapadri, alimtaja mwanawe wa Nsemulwa mpaka rangi ya mlango wake. Na mimi nilisema nilivyovuka mwaka ule na mdogo wangu mmoja wa kiume, ila jina lako sikulitaja.

Silvesta alikuwa akichora. Nikamuuliza unachora nini, akasema ramani ya Nsemulwa, kuonyesha vijana wetu wanavyokaa, ni sehemu ya kazi. Wewe hukuniambia habari za ramani. Ni sawa?

Kuna jingine nikuombe radhi. Patrick nilimtaja. Séverine sikumtaja. Siku ile ile alikuwa amekuja kunisalimu na mtoto mgongoni, Silvesta akauliza huyu ni nani, mdomo wangu ukasema ni jirani. Uso wa Séverine ni uso wangu mtupu, kwa hiyo sijui kama aliamini. Alimwangalia, akaniangalia, akaendelea kuvuta mrija. Nimekuharibia hesabu, nisamehe.

Tangu waondoke, nyumba naiona kama haina mlango. Nafagia, napika, nakwenda shambani, na muda wote nahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu. Labda ni uzee. Hilo la ramani nijibu.

Dada yako,
Annonciata


Dar es Salaam
3 Agosti 1997

Dada mpendwa,

Kazi imekubalika. Profesa Osward alisoma ripoti yangu mbele ya idara nzima, kisha akasema huyu ndiye mhadhiri wa sasa, mwigeni. Mkataba wameuongeza. Nimepewa kompyuta, na nimepewa ofisi ya yule mzee wa semina. Mlangoni bado kuna alama ya mahali kilipobandikwa kibao cha jina lake. Natakiwa kufurahi na ninafurahi, ila kila nikitaka kuingia najikuta nabisha hodi.

Shirika linasema halijawahi kupata ukweli wa namna hii kutoka makazi yoyote. Ni kwa sababu yako na jumuiya yako. Habari ya Séverine ilinichekesha. Nilitaka kumwongeza mwenyewe kwa kalamu ili kaya yako itimie, kazi zikanizidi nikaacha.

Tangu mwezi uliopita sijafundisha hata kipindi kimoja. Darasa langu ananishikia Silvesta. Mimi naandika maombi ya utafiti mwingine, na mwingine. Nikipita karibu na madirisha ya madarasa nasikia sauti yake akisema maneno yangu, hata pale ninapokohoa yeye anakohoa.

La ramani nitakueleza barua ijayo, ni mambo ya kiofisi tu. Patrick mwambie asizoee mno mji. Akae karibu na nyumbani kadiri anavyoweza. Ni ushauri wa mjomba, usiufanye mkubwa.

Mdogo wako,
Celestin


Litapunga
28 Septemba 1997

Celestin,

Umeniandikia kurasa tatu na la ramani hukulijibu. Nimekulea, najua ukiwa unazunguka.

Huku kuna furaha na kuna kitu kingine. Furaha ni kwamba Patrick amepata mchumba, Emelyne, binti wa hapa hapa makazini, mwenye adabu na mwenye maneno. Wanataka kufunga ndoa baada ya mavuno. Patrick amepanga chumba kikubwa zaidi pale pale Nsemulwa. Nilimpa ujumbe wako akanijibu, mwambie anko nyumbani kwangu sasa ni hapa. Vijana siku hizi wanaongea kiredio.

Hicho kingine nimeambiwa na Emelyne. Alikwenda kumsalimu Patrick, likaja gari mtaani, wakashuka wanaume wawili na karatasi. Kilichomtisha ni kwamba hawakuuliza njia. Nsemulwa ile, hata mwenyeji akitafuta nyumba anauliza watoto. Hawa waliangalia karatasi yao, wakasimama mbele ya mlango wa Patrick, wakaandika. Wakaruka milango yote ya wenyeji, wakaenda kusimama mbele ya mlango wa mtoto wa Mzee Salvatori, wakaandika. Kisha wakaondoka bila kubisha popote.

Patrick anasema ni watu wa maji. Nimemwambia sawa mwanangu. Celestin, ni watu wa maji?

Annonciata


Dar es Salaam
12 Oktoba 1997

Dada,

Barua yako sijaipata na siwezi kuisubiri. Ukisoma hii, hata kama uko shambani, mtoe Patrick mjini. Mtoe siku hiyo hiyo. Waambie na wenye vijana wengine. Warudi makazini, au waende popote, ilimradi wasilale kwenye nyumba walizosema.

Nilikuficha na sasa nakwambia. Siku ya pili baada ya kusifiwa walikuja watu wawili na barua ya Profesa, wakabeba karatasi zote na ramani kutoka kwenye kabati langu. Niliwaambia hizi ni za kwangu, nimewaahidi watu. Wakanionyesha mkataba. Imeandikwa kwamba kila kilichokusanywa ni mali ya aliyelipa. Saini ni yangu. Sikuusoma ukurasa ule, nilikuwa natafuta mahali pa kusaini kabla Profesa hajabadili mawazo. Mwiko niliokueleza ni wa chuo nilichosomea mimi, dada. Chuo hicho sijui kimekwisha lini. Mimi nilikuwa humo ndani na sikukiona kikiisha.

Nilijiambia wataziweka tu kwenye makabati yao. Wiki hii Silvesta kanieleza kwamba nakala imefika kwa wanaoandaa msako. Nilikwenda kwa Profesa nikamwomba aandike barua ya kuirudisha. Akaniambia, "Celestin, umeuza gunia lako la mahindi. Sasa unamfuata mnunuzi jikoni umwambie apike nini?" Kisha akanitazama akauliza, "Mbona unatetemeka? Wewe una nini na Warundi?"

Pale ndipo ningesema. Nikasema nina malaria. Niliogopa kwa ajili yangu, si kwa ajili ya Patrick, na hilo nalijua.

Bora sikumwongeza Séverine.

Mvua huku hazikatiki na wanasema reli imeanza kusombwa. Barua hii naipeleka stesheni mwenyewe. Tafadhali mtoe.

Celestin


Litapunga
9 Novemba 1997

Celestin,

Barua yako ya mwezi wa kumi imefika leo. Reli ilikatika, mifuko ya posta ikalala Kaliua. Patrick walimchukua wiki iliyopita.

Walikuja asubuhi, watu wanapiga mswaki nje. Hawakupekua mtaa, hawakuvunja kitu. Walikwenda kwenye milango ile ile. Mama Mwanahija alikuwa amekuja kumletea Patrick vitambaa, akasimama mlangoni na baibui lake akasema huyu ni Mfipa, ni mtoto wa rafiki yangu, mtanipita mimi kwanza. Mkubwa wao hakumkasirikia. Akamwonyesha karatasi akamwambia, "Mama, hapa wamesema wenyewe."

Wamewafungia kwenye ghala karibu na stesheni, wanasubiri magari ya kuwapeleka kambi za kaskazini, na huko wanasema ni hatua ya kuvushwa mpaka. Emelyne analala kwa Mama Mwanahija na anapitisha chakula chini ya lango. Kule ng'ambo vita havijaisha, unasikia mwenyewe. Patrick hajawahi kuiona nchi ile. Kirundi chake watoto wenzake walikuwa wanakicheka.

Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu. Nilitandika mikeka, nikaweka msalaba mezani na maua. Hakuja mtu. Mzee Salvatori alipita na rozari mkononi, akaenda nyumba inayofuata, na wengine nyuma yake. Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningejua pa kuanzia kuwaomba radhi. Nilikaa peke yangu kwenye mikeka ile mpaka nikachoka kukaa.

Langoni wanasema kuna walioachiwa, ndugu raia mwenye kitambulisho cha kazi akija akasema huyu ni wangu. Nakupa habari tu, sikuiti. Usije. Ukisema wewe ni mjomba wake watauliza wewe umekuwaje raia. Nimeshampoteza mmoja kwa maneno, na wewe nilikulea kabla sijamlea yeye.

Najaribu kukuchukia na sijui pa kukushika.

Annonciata


Stesheni ya Tabora
27 Novemba 1997

Dada,

Nimeambiwa treni ya Mpanda itaondoka njia ikikauka. Watu wamelala kwenye mizigo yao humu na mimi nimelala kwenye begi langu.

Profesa nimemwambia nakwenda kutafuta utafiti mwingine. Alifurahi, akanipa barua yenye muhuri wa chuo ya kunitambulisha. Nimevaa suti. Nimejifunza la kusema: Patrick ni mpwa wangu, Mha wa Kasulu kama mimi, walimchanganya na wengine. Nalirudia kimoyomoyo kama mwanafunzi anayengoja mtihani.

Usije stesheni. Tusionekane pamoja.

C.


Kambini
15 Februari 1998

Dada Annonciata,

Barua hii inaletwa kwa mkono na mtawa anayepita Mpanda, kwa hiyo naandika yote.

Emelyne atakuwa amekueleza alichokiona langoni, kwamba niliingia na suti na sikutoka. Yaliyosemwa ndani hakuyasikia. Yule mkubwa wao alinipokea vizuri sana. Aliposoma barua ya chuo alisimama, akanipa kiti, akaniita Daktari. Nikasema maneno yangu ya Mha wa Kasulu na sauti haikutetereka. Akasema hakuna shida, ngoja tuhakikishe. Akafungua kabati, akatoa ripoti yangu. Ile ile, yenye jina langu juu. Kwa alama ya mlango wa Patrick kwenye ramani akafika kaya yako, akanisomea taratibu kwamba mama wa kijana huyu aliingia mwaka sabini na mbili akiwa na mdogo wake mmoja wa kiume. Akaniuliza, "Daktari, kijana ni mpwa wako kwa dada, umesema?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na dada yako huyo kwenye ripoti ana mdogo mmoja tu?"

Ningeweza kusema ripoti ina makosa. Nilifikiria kulisema. Lakini nilikuwa nimeiandika mimi, na pale dirishani nilimwona Patrick amekaa chini na wenzake, amekonda, anashona kwa mkono shati la mtu. Nikasema mdogo huyo ndiye mimi. Yule bwana alinionea huruma, naamini hivyo. Alirudisha ripoti kabatini, akafunga, akaniomba nivue tai.

Tupo wote wawili. Patrick ni mzima, ameazima cherehani ya wamisionari na anashonea kambi nzima. Kuvushwa bado, kila wiki wanasema wiki ijayo. Chuo kiliniandikia mara moja kuniarifu kwamba nafasi yangu imejazwa. Huku nafundisha watoto chini ya turubai, ninaandika kwa mkaa kwenye kipande cha mbao. Nilidhani ningelia kuikosa ofisi ile. Ninachokosa ni usingizi. Nikisikia gari linapunguza mwendo nafanya kama wewe, naacha neno katikati, na watoto wananisubiri.

Sasa lililonifanya niandike. Jana walikuja watafiti. Ni awamu ya pili ya kazi ile ile, shirika lile lile, na aliyekuja kwenye turubai letu ni Silvesta. Siku hizi yeye ndiye mhadhiri, darasa langu ni lake. Alivaa vizuri. Aliponiona alisimama akasema shikamoo Mwalimu, macho yamemjaa maji, na nikamwambia marahaba, kaa, fanya kazi yako. Aliniambia akirudi bila karatasi zilizojaa hataongezewa mkataba. Nilimwelewa kuliko mtu yeyote katika kambi hii anavyoweza kumwelewa.

Akaniuliza umri, akaniuliza tunakula mara ngapi. Kisha akafika pale. Ndugu wangapi wanaishi nje ya makazi na kambi, na wako wapi.

Nikasema hakuna.

Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, siku ile Litapunga kulikuwa na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni." Nikamwambia yule alikuwa jirani. Nikamwambia tena, Silvesta, andika hakuna.

Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba wakati wa kuandika mtu akunje mkono juu ya karatasi, anayejibu asisome, asije akabadili jibu lake. Silvesta aliandika hivyo, mkono umekunjwa, kichwa kimeinama. Niliisikiliza kalamu yake. Iliandika kirefu kuliko neno nililomwambia.

Mwambie Séverine ahame Kabungu wiki hii.

Mdogo wako,
Celestin